Anayetaka kubadili amri ya mtoto aende mahakamani

Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Daudi, Wilaya ya Mbulu



Sheria ya Ndoa ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei, 1971. Miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1969, Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo yake ili wananchi wayajadili, na wananchi waliyajadili kwelikweli. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, sehemu kubwa ya sheria hiyo imezoeleka. Hata mtu ambaye hajapata kuisoma anajua kwamba talaka hutolewa na mahakama, na kwamba kabla ya kufika huko wanandoa hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi.

Liko, hata hivyo, jambo moja ambalo mpaka sasa halijazoeleka, na kutozoeleka kwake kunawaumiza watoto ambao hawakuwa na kosa lolote katika ugomvi wa wazazi wao. Jambo lenyewe ni hili: nini hufanyika pale ambapo amri ya mahakama juu ya mtoto, iliyotolewa siku ya talaka, haifai tena?

Kuhusu swali hili watu wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza huamini kwamba hakimu akishasema amesema. Kwamba mama aliyeandikiwa shilingi kadhaa za matunzo atazipokea hizo hizo mpaka mtoto aote ndevu, hata kama bei ya debe la mahindi imepanda mara nne. Kundi la pili huamini kwamba amri ni karatasi tu. Kwamba baba akiona mambo yamebadilika anaweza kumfuata mtoto shuleni akaondoka naye, au akaacha kulipa bila kumwambia mtu. Makundi yote mawili yamepotoka. Amri juu ya mtoto hubadilika, na sheria yenyewe imetazamia kwamba itabadilika. Lakini anayeibadili ni mahakama peke yake.

AMRI YA MTOTO SI HUKUMU YA SHAMBA

Hapana budi kwanza kueleza tofauti iliyopo kati ya amri ya mtoto na hukumu nyingine. Watu wawili wakigombea mpaka wa shamba, mahakama ikishaamua na muda wa rufaa ukapita, jambo limekwisha. Shamba halikui wala haliugui, na halianzi darasa la kwanza. Vivyo hivyo talaka yenyewe ikishatolewa imetoka; hakimu hawezi kuitwa baada ya miaka mitano aifute kwa sababu mmoja wa wanandoa amejuta.

Mtoto si shamba. Mtoto aliyekuwa ananyonya siku ya talaka, baada ya miaka saba yumo darasani akidai daftari na viatu. Baada ya miaka kumi na mitatu yuko sekondari, pengine bweni, na pengine ana maoni yake mwenyewe juu ya mahali anapotaka kukaa. Wazazi nao hawabaki walivyokuwa. Mmoja huoa au kuolewa tena, mmoja huhamishwa kikazi, mmoja huugua, mmoja hupandishwa cheo, mwingine hupoteza mifugo yote katika mwaka mmoja wa ukame.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Ndoa, katika kifungu chake cha 133, iliipa mahakama uwezo wa kubadili au kutengua wakati wowote, na mara kwa mara, amri yoyote ya ulezi au ya matunzo ya mtoto. Anayeweza kuomba si baba na mama tu, bali mtu yeyote anayehusika na jambo hilo. Na sababu ambazo mahakama itazisikiliza ni za aina mbili. Ya kwanza, amri ilitolewa kwa kutegemea maelezo ya uongo au kwa kukosea jambo la hakika. Ya pili, hali imebadilika mabadiliko makubwa tangu amri ilipotolewa.

Kifungu hicho ni kifupi, lakini ndicho kiini cha mazungumzo haya. Nje ya mlango huo hakuna mlango mwingine. Baba hana uwezo wa kuibadili amri kwa mkono wake, wala mama, wala mjomba, wala kikao cha ukoo, wala ofisa wa kata kwa barua yenye muhuri.

MILA ILIVYOWEKWA MAHALI PAKE

Yapo maswali ambayo huulizwa mara kwa mara katika wilaya kama Mbulu na Hanang, ambako Wairaqw, Wadatoga na majirani zao huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Huulizwa: je, mtoto si wa ukoo wa baba yake? Mahari si ilikwisha tolewa? Mahakama inapata wapi nguvu ya kumwacha kwa mama?

Swali hilo si la kudharauliwa. Mwaka 1963 Serikali yenyewe ilitangaza kwa maandishi sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kanuni kuu humo ilikuwa kwamba watoto ni wa baba. Wazee wanaposema hivyo hawazui jambo. Wanasema kanuni ambayo Serikali ilipata kuiandika kama sheria.

Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliupanga upya utaratibu huo. Kifungu cha 125 kinasema kwamba mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Chini ya hilo ndipo mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru, na mila za jamii ya wahusika. Mila haikutupwa nje, imepewa kiti. Lakini kiti hicho si cha mbele.

Aidha ieleweke kwamba kukaa na mama hakumtoi mtoto katika ukoo wake. Jina lake linabaki, haki yake ya urithi inabaki, na wajibu wa baba kwake unabaki. Kinachoamuliwa na mahakama ni nani atakayemwamsha asubuhi, atakayemlisha na kumpeleka zahanati. Kuamini kwamba mtoto aliyelelewa Daudi kwa wazazi wa mama yake amepotea kwa ukoo wa baba yake ulioko Hanang ni kuchanganya ukoo na malezi. Hayo ni mambo mawili.

UVUMI WA MIAKA SABA

Katika mambo yote yanayovumishwa juu ya sheria hii, hakuna lililoleta machozi mengi kama habari ya miaka saba. Husemwa kila mahali, hata na watu waliosoma, kwamba mtoto hukaa na mama mpaka atimize miaka saba, na siku hiyo ikifika ni wa baba. Baba huhesabu miaka kama mkulima anayesubiri mahindi yakauke. Siku ikifika huja na ndugu zake kuvuna.

Sheria haisemi hivyo. Inasema kwamba itadhaniwa kuwa ni vizuri kwa mtoto wa chini ya miaka saba kuwa na mama yake, na kwamba dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Maana yake ni kwamba hata mtoto wa miaka mitatu aweza kukabidhiwa baba, endapo itathibitishwa kwamba kwa mama hatatunzwa. Kuhusu mtoto aliyetimiza miaka saba, sheria haikusema ahame. Imesema tu kwamba dhana ile haipo tena, na kila jambo lipimwe kwa ustawi wake.

Tena ndani ya maneno yale yale yanayotaja miaka saba, sheria imeionya mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imerudia wazo hilo: malezi yasikatizwe ovyo, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu. Mtoto wa miaka saba ambaye ameishi Daudi tangu kuzaliwa, ana bibi yake, ana mwalimu wake wa darasa la kwanza, ana wenzake wa kwenda nao kisimani, ana mengi ya kupoteza kwa kung'olewa siku ya kutimiza umri. Baba anayemtaka lazima aieleze mahakama kilichobadilika mbali ya tarehe. Kalenda peke yake si sababu.

MABADILIKO YA AINA GANI?

Huenda mtu akauliza: mabadiliko makubwa ni yapi? Sheria haikutoa orodha, na si rahisi kuitoa. Lakini mifano michache itasaidia.

Chukueni mfano wa mama aliyekabidhiwa watoto wawili, kisha akaolewa tena na mtu anayeishi mbali. Kuolewa peke yake si kosa na si sababu ya kunyang'anywa watoto. Swali ni je, katika nyumba ile mpya watoto wanaishije? Wanakwenda shule? Baba wa kambo anawapokea au anawafanya vibarua? Jibu likiwa zuri, amri haina sababu ya kubadilika. Likiwa baya, mabadiliko yapo.

Au chukueni mfano wa baba aliyekabidhiwa mtoto akiwa mkulima nyumbani, kisha akaenda machimboni Mererani kutafuta tanzanaiti, akamwacha mtoto kwa mke mwingine au kwa jirani. Mahakama ilimkabidhi mtoto huyo kwa baba; haikumkabidhi kwa jirani. Baba hayupo, na sababu ya amri ile haipo tena. Hapa bibi wa mtoto, au mama yake, au hata ofisa ustawi wa jamii, anayo haki ya kulipeleka jambo hilo mbele ya hakimu.

Katika matunzo, mabadiliko ni mepesi zaidi kuyaona. Tuseme mahakama iliamuru baba alipe shilingi 30,000 kwa mwezi wakati mtoto ana miaka mitatu. Miaka kumi imepita. Mtoto yuko kidato cha kwanza. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, ikaondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari, chakula, nauli na matibabu havikuondolewa, na baba anayesema "elimu ni bure, basi matunzo yamekwisha" anajua moyoni mwake kwamba anatafuta upenyo. Kwa upande mwingine, mama anayedai ada ambayo haitozwi tena naye hajasema kweli. Mahakama hupima gharama zilizopo, wala si zile za zamani.

Na baba naye ana haki ya kusikilizwa. Mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na ukame, mfanyakazi aliyeachishwa kazi, mtu aliyepata ugonjwa wa kudumu, wote hao wanaweza kuomba kiwango kipunguzwe. Sheria haikukusudia kumfunga mtu mzigo asioweza kuubeba. Imesema matunzo yalingane na uwezo wake. Asichoruhusiwa ni kujipunguzia mwenyewe. Malipo anayoyaruka kabla ya kwenda mahakamani hayageuki kuwa halali kwa sababu ya shida yake; yanabaki deni.

SOMO LA SHILINGI MIA MOJA

Nchi yetu ina somo lake kuhusu hasara ya kiwango kisichobadilika. Ilikuwapo zamani sheria iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambayo ilirithiwa kutoka wakati wa ukoloni. Sheria hiyo iliweka kikomo cha matunzo ambayo baba angeweza kuamriwa kulipa: shilingi 100 kwa mwezi. Wakati ilipowekwa, shilingi 100 ilikuwa fedha. Miaka ikapita, thamani ya shilingi ikaporomoka, na kikomo kikabaki pale pale. Ilifika mahali ambapo nauli ya mama ya kwenda mahakamani kudai matunzo ilikuwa kubwa kuliko matunzo yenyewe.

Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hii mpya, mahakama inapopanga matunzo hutazama kipato na mali ya wazazi wote wawili, mzigo mwingine walio nao, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Tena imeeleza kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa akikipata kabla hawajatengana.

Somo lililoko hapa ni hili. Kikomo kile kiliwaumiza watoto kwa sababu hakuna hakimu aliyekuwa na uwezo wa kukivuka. Leo uwezo upo. Mzazi anayenyamaza miaka kumi na amri ya zamani mkononi amejitungia mwenyewe sheria ya shilingi mia moja.

NG'OMBE WALIO KWA RAFIKI

Sababu ya pili ya kubadili amri, yaani maelezo ya uongo au makosa ya ukweli, inastahili kuelezwa kwa namna inayolingana na nyanda hizi. Ofisi za mjini humpima mtu kwa hati ya mshahara. Mbulu na Hanang mtu hupimwa kwa mashamba na mifugo. Na desturi ya zamani ya Wairaqw na Wadatoga ni mtu kutoweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Huwaweka kwa marafiki na jamaa huku na huko. Anayewatunza hupata maziwa na mbolea, na mwenyewe hubaki mwenye mali. Ni desturi ya busara. Ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi ng'ombe wote, na urafiki huimarika.

Lakini siku ya shauri desturi hiyo hugeuzwa pazia. Mtu mwenye ng'ombe thelathini huonyesha boma lenye ng'ombe wanne. Hakimu huandika wanne, na mtoto hupangiwa matunzo ya ng'ombe wanne. Ukweli ukijulikana baadaye, mama asidhani kwamba amechelewa. Amri iliyojengwa juu ya uongo inaweza kufunguliwa. Ataeleza ng'ombe wako kwa nani, na mashahidi wataitwa. Wazee wa baraza, pale wanapokaa na hakimu katika Mahakama ya Mwanzo, wanazijua desturi hizi, hawatahitaji kufundishwa.

Kosa laweza pia kuwa la bahati mbaya. Umri wa mtoto ulikadiriwa kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, halafu kadi ya kliniki ikapatikana. Kipato cha mtumishi kiliandikwa kwa hati ya zamani. Hayo nayo husahihishwa.

CHAKULA NA SALAMU HAVIBADILISHANWI

Liko kosa jingine ambalo wazazi wengi hulifanya, wa kike na wa kiume. Baba husema: "Kwa kuwa ananizuia kumwona mtoto, silipi." Mama husema: "Kwa kuwa halipi, hamwoni." Kila mmoja hujiona ametenda haki, na kila mmoja hushangiliwa na ndugu zake.

Kwa sheria hayo ni mambo mawili yasiyobadilishanwa kama bidhaa sokoni. Matunzo si malipo ya baba kwa mama. Ni chakula cha mtoto. Kuonana na baba si zawadi ya mama kwa baba. Ni haki ya mtoto ya kumjua mzazi wake. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa upande wa pili, ila tu pale ambapo utaratibu huo utavuruga masomo yake. Baba anayeacha kulipa ili kumkomoa mama amemkomoa mtoto kwanza. Mama anayemficha mtoto ili kumkomoa baba naye amefanya vile vile. Aliyezuiwa kumwona mtoto aiombe mahakama itekeleze au ifafanue siku za kumtembelea. Asiyelipwa aiombe itekeleze malipo, kama inavyotekelezwa amri nyingine ya fedha.

Aidha siku za kutembelewa zipangwe kwa kutazama hali halisi. Amri inayosema "kila mwisho wa juma" yaweza kufaa mjini. Haifai kwa mtoto aliyeko Daudi na baba aliyehamia kulima Hanang, hasa wakati wa mvua barabara zinapokatika. Huyo afadhali apangiwe likizo za Juni na Desemba. Mzazi akihama, kuhama huko ni sababu tosha ya kuomba ratiba ipangwe upya.

NJIA YA KUFUATA

Njia yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Mahali pa kuanzia ni mahakama iliyotoa amri. Mwombaji aende na nakala ya amri ya kwanza, maana hakimu hawezi kubadili asichokiona. Aeleze kwa ufupi nini kilikuwapo siku ile na nini kimebadilika. Alete vielelezo: cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, taarifa ya shule, stakabadhi, hati ya mshahara, barua ya uhamisho, cheti cha daktari. Upande wa pili utaitwa na kusikilizwa. Mahakama za Mwanzo zimeendesha kazi zake kwa Kiswahili siku zote, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za ngazi zote. Kwa hiyo hakuna wa kuogopa lugha.

Mkulima ambaye hana mshahara wa mwezi, bali hupata fedha anapouza mahindi, maharage au vitunguu saumu, asikubali kimya kimya kupangiwa malipo ya kila mwezi ambayo anajua atayavunja. Aieleze mahakama majira yake ya mavuno na kuomba malipo yapangwe kuyafuata. Amri inayotekelezeka ina faida kwa mtoto kuliko amri kubwa inayokaa kabatini.

Wapo wazazi walioelewana wenyewe mbele ya wazee au mbele ya viongozi wa dini, wakaandikiana. Maelewano ni jambo jema, na mahakama haiyadharau. Lakini Sheria ya Ndoa imeipa mahakama uwezo wa kuyabadili hata maelewano hayo, ikiona ni haki na kwa faida ya mtoto. Mama aliyetia saini kwamba hatadai chochote, ili aachwe aondoke kwa amani, hajamfungia mtoto wake mlango. Saini ya mama haiwezi kuuza chakula cha mtoto.

WAJIBU WA MWALIMU NA WA MTUMISHI

Ndugu walimu, ninyi ndio wa kwanza kuona. Amri ikikoma kufaa, habari huonekana darasani kabla ya kuonekana mahakamani. Mtoto aliyekuwa anafika mapema anaanza kuchelewa. Aliyekuwa na viatu anakuja bila viatu. Aliyekuwa mchangamfu anakaa nyuma kimya. Mwalimu anayeyaandika hayo katika kumbukumbu za shule, kwa tarehe, anaandaa ushahidi ambao hakuna wakili anayeweza kuutengeneza baadaye.

Mwalimu mkuu naye asimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote anayekuja kudai kwamba yeye ndiye baba au mjomba. Kwa mtoto ambaye wazazi wake wameachana, nakala ya amri iwemo katika jalada lake. Akitokea mtu kumfuata mtoto, au kuomba uhamisho wake, aulizwe: amri iko wapi? Ikiwa anayo mpya, vema. Kama hana, aelekezwe mahakamani kwa heshima, na mlezi aarifiwe siku hiyo hiyo. Hapo mwalimu haingilii ugomvi wa watu. Analinda amri ya mahakama na anamlinda mtoto.

Watendaji wa vijiji na kata nao waache mtindo wa kuamua wasiyo na mamlaka nayo. Ni sawa kusuluhisha. Ni sawa kumshauri baba alipe. Si sawa kuandika barua inayomhamisha mtoto kutoka nyumba moja hadi nyingine. Maofisa ustawi wa jamii wakumbuke kwamba sheria imeielekeza mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa mambo ya watoto. Taarifa ya ofisa aliyefika nyumbani, akaona mtoto analala wapi na anakula nini, ina uzito. Taarifa iliyoandikwa ofisini kwa kusimuliwa ni karatasi tu.

Na watumishi wa umma ambao wenyewe wameachana na wenzi wao wana wajibu wa ziada, kwa kuwa wao wanatazamwa. Mtumishi aliyepandishwa cheo mara mbili tangu amri itolewe, na anaendelea kulipa kiasi kile cha alipoanza kazi, hasubiri kushtakiwa ndipo ajue kwamba hali imebadilika. Anaweza kwenda mwenyewe mahakamani kuomba kiwango kiongezwe. Sheria haimzuii mtu kutenda haki kabla ya kuitwa.

Ndugu, wazazi wakiachana, mahakama hugawa mali, huandika jalada, na hulifunga. Lakini jalada la mtoto sheria iliagiza libaki wazi, kwa sababu mtoto bado anakua. Kazi ya kila mwalimu na kila mtumishi wa umma katika Daudi, na kwingineko nchini, ni kuhakikisha kwamba wananchi wanaujua mlango huo, wanaupita bila woga, na hawapiti dirishani. Watoto wetu hawakuomba talaka. Basi wasiilipe.